Niliunda boti ya kifahari Uyole mwezi wa Sita: kilichonikuta, na nilichogundua kuhusu wanaoziunda Ulaya

#1 FundiUyole

Wakuu, salaam. Uzi huu mrefu, mwenye haraka apite, hatudaiani.

Mimi ni fundi bodi. Miaka kumi na minne nachomelea matela na kunyoosha magari yaliyopinduka, hapa Uyole kwenye njia panda ya Tukuyu. Barabara ya Zambia inatulisha. Lori likijikunja huko Tunduma au Igawa, mwisho wake ni kwetu. Boti sikuwahi kuunda hata moja mpaka mwaka juzi, alipokuja mzee mmoja mwenye nyumba za wageni kule ziwani, akanionyesha picha kwenye simu. Boti nyeupe, vioo vyeusi, ina ghorofa, watu juu wameshika glasi. "Unaiweza hii?" Wakati huo nadaiwa ada za watoto wawili. Nikamjibu, inawezekana mzee wangu.

Tukakubaliana: boti ya faiba, mita nane na nusu, mashine mbili za nje, na juu sehemu ya watalii kukaa wakiangalia Milima ya Livingstone. Akataka iundwe hapa mjini kwa sababu naye anakaa hapa, apite kila jioni kuikagua. Nikakubali. Hilo ni kosa la kwanza na ni langu, yeye ni mteja tu, hajui rezini (ile gundi ya maji inayogandisha faiba) ni nini.

Moldi, yaani umbo la kulazia faiba, nilitengeneza kwa mbao na plaiwudi, nikapiga puti ya kuziba mabonde, nikapiga msasa, nikapaka nta hadi ukipitisha mkono unateleza. Mwezi wa Sita tukaanza kulaza faiba. Aliyewahi kuishi Uyole anajua mwezi wa Sita. Alfajiri ukipumua unatoa moshi, na maji ya bomba yanang'ata vidole. Sasa rezini ya poliesta inataka joto la nyuzi 18 mpaka 25 hivi ili igande inavyotakiwa. Ukishuka chini ya 15 inakuwa goigoi. Tumelaza tabaka la kwanza saa tisa alasiri. Asubuhi nagusa, kidole kinanata. Kesho yake kinanata. Siku ya tatu inzi wamenasa, na kuku wa jirani kakatiza katikati, nyayo zake zimebaki pale kama mhuri.

Nikaongeza hadena, ile dawa ya kugandisha rezini. Badala ya gramu 15 kwa kilo nikatia 40. Halafu nikaingiza majiko mawili ya mkaa bandani na kufunga mlango. Msinitukane, najua.

Ikaganda, ndiyo. Juu ngumu, ndani mbichi, na nyufa kama matope ya Usangu wakati wa kiangazi. Pipa zima la rezini limekwenda, moldi tukaivunja na shoka.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kusoma, usiku, kwa simu. Nilichokikuta ndicho kilichonifanya nianzishe uzi. Siku zote niliamini boti za matajiri zinaundwa ufukweni na watu waliozaliwa na chumvi mwilini. Kumbe wapi. Kuna kiwanda Uholanzi kinaitwa Heesen, kipo mji wa Oss, ndani ya nchi. Wanaunda boti za aluminiamu ndani ya mabanda, zikiisha zinapelekwa kwa mfereji mpaka mto Maas, ndiyo zinaanza safari ya kuitafuta bahari. Feadship, ambao boti zao wanapanda mabilionea, moja ya karakana zao iko kisiwa cha Kaag, na hicho kisiwa kimezungukwa na ziwa, sio bahari. Nikajiuliza: hawa wameshinda wapi ambapo sisi tumeshindwa?

Nitaendelea, natafuta bando.

#2 Mwambusi

Nimekaa paleee mbele. Hiyo ya kuku ni kweli au ni chai?

#3 FundiUyole

Kweli tupu. Kipande chenye unyayo nimekitundika karakana. Kila kijana anayekuja kujifunza faiba namwonyesha hicho kwanza.

#4 Bwana Maabara

Mkuu, mshukuru Mungu uko hai unaandika. Rezini ya poliesta ina stairini. Ile harufu kali inayowasha macho ni mvuke wake, na mvuke ule unashika moto. Wewe ukafunga mlango na kuweka mkaa unaowaka! Ungelipuka na jirani na kuku wake.

Jambo la pili niwaambie na wengine wanaosoma. Zile chupa mbili ndogo, kobalti (ya kuharakisha kuganda) na hadena, HAZICHANGANYWI zenyewe kwa zenyewe. Kobalti inaingia kwenye rezini kwanza, unakoroga mpaka ipotee, ndipo hadena inafuata. Ukizikutanisha peke yake zinaweza kulipuka hapo hapo. Rezini nyingi za dukani kobalti imeshawekwa kiwandani, soma kopo. Na hadena inabaki asilimia 1 mpaka 2, ukizidisha hutapata ugumu zaidi, utapata ulichopata.

#5 FundiUyole

Ahsante kaka, ningekupata mapema.

Naendelea. Baada ya aibu ile nikahamisha kazi Kyela. Tulipakia plaiwudi mpya, faiba na ndoo zote kwenye Fuso, tukashuka. Pale Kiwira mvua, Tukuyu ukungu, ukifika Kyela unavua koti, sweta, na ukiachiwa unavua na shati. Nikasema sasa nimeshinda.

Nimechanganya ndoo ya kilo kumi saa saba mchana, kwa kipimo kile kile cha Mbeya. Kijana wangu amepaka nusu mita, ananiita, "Bosi, ndoo ina moto." Nashika, kweli, inaunguza. Dakika mbili baadaye inatoa moshi, imevimba kama andazi, brashi imesimama katikati haitoki. Kumbe rezini ikiwa nyingi kwenye ndoo moja inajichemsha yenyewe, na joto la Kyela linaisukuma. Ile ndoo tuliitumia kukalia mpaka kazi ilipokwisha.

Tukajifunza kuchanganya kilo moja moja, na kuanza kazi saa kumi na moja alfajiri. Saa nne asubuhi tunafunga ndoo, tunakwenda kula wali. Kwa mtindo huo boti ikatoka.

Nikagundua wale wa Ulaya hawana dawa ya ajabu. Wana banda. Banda lenye joto linalopimwa na unyevu unaopimwa, mchana na usiku, kiangazi na masika. Wakati wa kupaka rangi boti nzima inafunikwa kwa hema kubwa, hewa inachujwa isiingie hata vumbi. Mimi hewa yangu ilikuwa inachujwa na migomba.

#6 Parachichi Pesa

Samahani mleta uzi, lakini boti za kifahari na Mbeya wapi na wapi? Hata lami ya mtaani kwetu hatuna. Tulime parachichi, tuuze, mwenye hamu ya boti akapande huko Dubai. Mnapenda kujipa ndoto.

#7 FundiUyole

Lima mkuu, sijakuzuia. Mimi shamba sina, nina mashine ya kuchomelea.

#8 Mzee wa Bandarini

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Nimestaafu, sikuwa na nia ya kuandika, ila huyu wa parachichi kanichokoza.

Kijana, ziwa letu halina mlango. Maji ya Nyasa yanatoka kwa mto Shire, na Shire una maporomoko, meli haipandi. Kwa hiyo chombo chochote kikubwa ulichowahi kukiona kwenye ziwa hili kimeundwa au kuungwa kandokando ya ziwa hili hili, au juu ya maporomoko hayo. Tangu mwanzo. Mwaka 1875 wamisionari wa Kiskoti walileta boti ya mvuke waliyoiita Ilala. Ililetwa vipande vipande, wapagazi wakavibeba kuzunguka maporomoko, ikaungwa juu yake. Ndiyo meli ya kwanza ya mvuke humu. Baadaye ikaja Chauncy Maples, ya mission ya Waanglikana. Ilitengenezwa Glasgow mwaka 1899, ikafunguliwa ikawa vifurushi 3,481. Tangi lake la mvuke lilikuwa na tani 11, halifunguki. Likawekwa juu ya magurudumu, likavutwa na Wangoni 450 kwa maili 64. Meli ikashuka majini 1901. Jina ni la askofu aliyezama ziwani humu humu, 1895.

Wajerumani nao walikuwa na yao, Hermann von Wissmann. Hii ina kisa ambacho babu zetu wa Liuli walikihadithia. Agosti 1914 vita imetangazwa Ulaya, meli ya Mjerumani ipo nchi kavu inatengenezwa hapo Liuli, wakati huo wakipaita Sphinxhaven. Nahodha wa Mwingereza, Rhoades, akaja na Gwendolen akaipiga mzinga. Nahodha wa Kijerumani akapanda mtumbwi akaja kumfokea, kwa sababu walikuwa marafiki wa kunywa pamoja na yeye habari za vita hajazipata! Akakamatwa hapo hapo.

Ukisogea upande wa Rukwa, pale Kasanga, meli iliyokuwa ikitia nanga ni Liemba. Ile iliundwa na kiwanda cha Meyer, mji wa Papenburg, mwaka 1913, ikafungwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaja Dar, ikapanda treni ya kwenda Kigoma, ikashushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe, wakazipaka injini grisi nyingi kwanza. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini.

Na hivi karibuni tu: MV Njombe na MV Ruvuma, za mizigo, tani 1,000 kila moja, na MV Mbeya II ya abiria 200 na mizigo tani 200. Zote zimeundwa Itungi, Kyela, na Songoro Marine wa Mwanza, kampuni ya Watanzania. Vijana wa Kyela walishika mashine pale. Sasa ndoto iko wapi?

#9 Mwana Ipinda

Mzee umetisha. Ndaga fijo, asante sana. Mimi nilikuwa kibarua Itungi enzi hizo, kazi yangu kuburuta mitungi ya gesi. Nilichokiona, bati hawalichomelei moja kwa moja kutoka huku mpaka kule. Wanachoma kipande hapa, wanaruka, wanachoma kule, wanarudi. Nilidhani ni uvivu.

#10 FundiUyole

Sio uvivu mdogo wangu, ni joto. Ukichomelea mfululizo bati linavutwa upande mmoja, likipoa linakuwa na mawimbi kama bati la kuezekea. Kwenye tela hakuna anayejali.

Mzee wa Bandarini, marahaba sana (najua nimekosea, shikamoo). Umegusa Papenburg, na mimi nilipasoma hapo nikashika kichwa. Kile kiwanda cha Meyer kipo tangu 1795 na sasa kinaunda meli za watalii ndefu kupita mtaa wetu, na mpaka leo kiko pale pale, ndani, kando ya mto Ems. Meli ikiisha inateremshwa mtoni kama kilomita 36, kinyumenyume, na kuna lango kubwa huko chini la kuziba mto ili maji yajae meli isikwame kwenye matope. Hawakuhama kuifuata bahari. Waliubadilisha mto. Ingawa mwaka 2024 nao walikwama kifedha mpaka serikali ya Ujerumani na ya jimbo wakachukua asilimia kama 80 ya hisa. Hivyo hata kwao si rahisi.

Hawa wa boti za kifahari nao wana vituko vya mito. Mmesikia Koru, boti ya matanga ya Jeff Bezos, mita 127? Iliundwa Uholanzi na Oceanco. Mwaka 2022 ikataka kutoka, milingoti mirefu, pale Rotterdam kuna daraja la zamani la chuma. Ikasemekana kipande cha daraja kifunguliwe ipite. Wananchi wakaja juu, wengine wakaahidi kuipiga mayai viza. Mwishowe boti ikavutwa bila milingoti, kwa njia ya mzunguko.

Sasa narudi kwenye swali langu, wameshinda wapi. Jibu langu, baada ya kusoma na kuharibu: PUTI. Msicheke.

Meli ya mizigo ikiwa na mawimbi kwenye bati, makaa ya mawe hayalalamiki. Boti ya tajiri lazima ubavu wake uwe kama kioo. Ukisimama mbele ya boti ya Lürssen (hao Wajerumani wa Bremen waliunda Azzam ya mita 180 mwaka 2013), unaona sura yako, na haijakunjwa. Chini ya ile rangi ni bati kama la Itungi tu, limechomelewa na binadamu, lina mabonde. Juu yake wamelaza puti ya epoksi, tabaka kwa tabaka, na watu wamesimama na mbao ndefu za msasa, wawili wawili, mmoja huku mmoja kule, wanasugua kwa mshazari. Wiki nyingi. Miezi. Wanasugua, wanapaka, wanasugua tena nusu ya walichopaka.

Nilipoona video yake nikaita vijana wangu wote. Kazi ile ile ya Uyole! Ni sisi, na Noah iliyogongwa ubavu! Tofauti Noah tunamaliza siku mbili kwa sababu mwenyewe amekaa kwenye tofali anatuangalia.

Mbinu niliyoiiba kwao: usiku, zima taa zote, chukua tyubu laiti moja ndefu uilaze karibu na ubavu. Mstari wa mwanga ukiwa umenyooka, umeweza. Ukipinda, una bonde hapo. Usiku wa kwanza nilipofanya hivyo kwenye boti yangu, ambayo mchana nilikuwa najisifia, ule mstari ulitambaa kama nyoka. Nilikaa chini. Tukasugua siku kumi na tisa zaidi.

#11 Mwambusi

Siku 19 za msasa, nani alilipa?

#12 FundiUyole

Mimi. Na hilo ndilo jibu la nusu ya pili. Kule mteja analipia msasa. Huku analipia boti.

#13 Mbao Mafinga

Uzi mtamu. Mimi nipo Mafinga, mbao ndiyo kazi yangu, niulizeni sakafu. Sitaha ya boti ya hao matajiri ni mtiki. Unakaa na mafuta yake ya asili, hauozi upesi, na miguu mitupu haitelezi ukilowa. Wanaoupenda zaidi ni ule wa msitu wa asili wa Myanmar, mti mzee, nyuzi zimebanana, ubao mrefu hauna fundo. Tangu jeshi lichukue nchi mwaka 2021 Marekani na Ulaya waliliwekea vikwazo shirika la mbao la kule, kwa hiyo viwanda vya boti vinahangaika.

Watu wanasema basi hii nafasi yetu, tuna mitiki Kilombero hapo chini, tuna Longuza na Mtibwa. Ni kweli tunayo, na inauzwa nje. Lakini mtiki wa kupandwa unavunwa na umri mdogo, sehemu nyeupe ya nje ni kubwa, na mbao ndefu zisizo na fundo hazipatikani kwa wingi. Anayeunda sitaha ya mita 60 anataka mbao zifanane rangi tangu omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma. Sio kwamba haufai. Unafaa ukiukata vipande vyembamba ukavigandisha juu ya ubao mwingine, na wengi sasa wanakwenda njia hiyo.

Mimi macho yangu yako kwa msindano wa Sao Hill. Mnacheka. Wafini wanachukua msindano wao, wanaupika kwenye tanuri bila hewa, nyuzi 200 na zaidi kidogo, unatoka kahawia kama mkate, hauvuti maji wala kuvimba kama mwanzo. Wanautandaza nje kwenye vibaraza na gatini. Sisi Mufindi msindano tunaupeleka kwenye mirunda na mbao za kenchi. Tanuri tu ndilo linatutenga.

FundiUyole, wewe sitaha uliweka nini?

#14 FundiUyole

Mkongo. Mteja alitaka kitu kizito cha heshima. Na huo uzito ndio umenipeleka sura inayofuata.

#15 Binti wa Lyulilo

Ngoja niwasimulie mimi maana nilikuwepo 😂😂

Ilikuwa Jumamosi ya soko, sisi tunapokea vyungu vya Ikombe. Wamama wa Kikisi wanakuja navyo kwa mitumbwi, vyungu vimepangwa mpaka juu, na hakuna kinachotikisika. Upande wa pili boti nyeupe inashushwa, ya kung'aa, watoto wote wamekimbilia huko. Kweli ilikuwa nzuri, fundi sikuonei. Ikaelea. Watu makofi. Mwenye boti akawaambia wageni wake wapande juu, ghorofani, wapige picha. Wakapanda kama tisa hivi. Wote wakaenda upande wenye milima.

Boti ikainama. Haikurudi. Ikainama zaidi, taratibu, kama mtu anayesinzia kanisani. Juu wakaanza kupiga yowe, mmoja akaruka na simu yake. Bibi mmoja wa vyungu akasema kwa sauti, "Waambieni wakae chini kwenye tumbo la mtumbwi, hivi hawajafundishwa?"

#16 FundiUyole

Dada ulikuwepo kumbe. Sina la kuongeza. Maji yalikuwa yanafika kiunoni tu, hakuna aliyeumia. Ningekuwa kwenye kina, na ziwa letu linafika kama mita 700 kwenda chini, nisingekuwa naandika.

#17 Nahodha Mtarajiwa

Nasoma mambo ya meli, niruhusuni. Yule bibi amesema somo la muhula mzima.

Kila chombo kina kitovu cha uzito. Ukipandisha vitu vizito juu, kitovu kinapanda. Chombo kikiinama, maji yanakisukuma kirudi, lakini msukumo huo una kikomo. Kitovu kikipanda kupita kiasi, badala ya maji kukirudisha yanakimalizia. Sitaha ya mkongo ghorofani, nguzo za chuma, kisha watu tisa wamesimama, kila mmoja ana kilo 70. Hiyo ni kama kilo 630 juu kabisa na upande mmoja. Boti ya mita 8.5 haiwezi.

Tumezika watu wengi kwa hesabu hii. MV Bukoba 1996. MV Nyerere 2018. Hata matajiri haiwasamehei: Bayesian, boti ya matanga ya mita 56 yenye mlingoti wa aluminiamu wa zaidi ya mita 70, ilizama Sicily Agosti 2024 kwa upepo wa ghafla usiku, wakafa saba. Na Nyasa ukikutana na mwera, ule upepo mkali wa ziwani, utajua hujui.

Kuna jaribio dogo ambalo fundi yeyote anaweza kulifanya kabla ya kupakia mtu. Siku isiyo na upepo, boti iko majini, imefungwa kwa kamba zilizolegea. Tundika timazi ndefu (uzi wenye uzito chini) ndani, weka rula chini yake. Chukua mifuko ya saruji, kilo 50 kila mmoja, ipange katikati. Hamisha mmoja kwenda upande mmoja, pima timazi imesogea kiasi gani. Hamisha wa pili, pima. Kutokana na namba hizo anayejua hesabu atakwambia kitovu chako kiko wapi. Meli kubwa zote zinafanyiwa hivyo hivyo, timazi na uzito.

Mkuu, michoro ilikuwepo?

#18 FundiUyole

Nilichora kwa chaki sakafuni.

#19 Nahodha Mtarajiwa

Basi. Kule mchoro unapitishwa kwanza na wakaguzi, watu kama Lloyd's Register, ambao wapo tangu 1760, ndipo bati linakatwa. Wewe ulikata kisha ukachora.

#20 Mpemba wa Soweto

Mimi ni mtu wa pwani nimehamia hapa Mbeya, baridi inaniua lakini nipo. Nataka niseme kwa adabu kwamba fundi wa jahazi kule kwetu naye hana mchoro. Anasimamisha mkuku (uti wa mgongo wa jahazi), anaweka fashini (mbao za omo na tezi), mataruma (mbavu) anayakata kwa jicho, akimaliza anatia kalafati ya kuziba nyufa, na jahazi linakwenda na kurudi miaka thelathini. Mchoro wake uko kichwani, kautoa kwa baba yake. Kosa lako hukukosa karatasi, fundi. Ulikosa baba.

#21 Mzee wa Bandarini

Huyu Mpemba kaongea. Na yule bibi wa vyungu pia anaye baba wa namna hiyo.

#22 Parachichi Pesa

Nimerudi. Nimesoma zote. Sasa boti iko wapi na pesa ulilipwa?

#23 FundiUyole

Ghorofa tuliling'oa wiki ile ile. Tukaweka paa la turubai kwenye bomba nyepesi, viti vikashushwa chini, mkongo nikautoa. Nikafanya jaribio la saruji pia, baada ya kuambiwa na kijana mmoja wa chuo, sio huyu wa humu. Ikakaguliwa upya na wahusika wa TASAC, wasimamizi wa usafiri wa majini, ndipo ikapakia abiria, na mpaka leo inatembea, majaketi yapo, haijainamia mtu.

Malipo: robo ya mwisho sikupewa. Mzee anasema alilipia ghorofa na ghorofa halipo. Nikitafakari sana naona ana hoja, nisipotafakari naona ananidhulumu. Inategemea na siku.

Mkongo nilioutoa ndio kitanda changu sasa.

#24 Mwana Ipinda

Mkuu, mimi na wenzangu watatu tuna kikundi, tunataka boti ya kawaida ya faiba, mita saba, ya kubeba mchele na abiria wachache. Ghorofa hatutaki 😂 Moldi bado unayo?

#25 FundiUyole

Ipo Kyela, imefunikwa chini ya miembe kwa shemeji yangu. Njooni mwezi wa Saba, joto la Kyela wakati huo linafaa kabisa. Leteni vijana wawili wa msasa, na muwaambie mapema kwamba kazi inaanza saa kumi na moja alfajiri.

#26 Mwana Ipinda

Na kulala?

#27 FundiUyole

Kwa shemeji. Kuku wake amefungiwa.